Mwaka Zohali Iliporudi Nyuma

1

Tusekile alikuwa amefika kijiko cha nne cha uji pale mama yake alipokunja uso na kusema, "Umesahau sukari."

Kijiko kilimponyoka. Tangu mwezi wa tano hadi siku ile ya Septemba, miezi minne kamili, mama yake, Gwantwa, hakuwa ametamka neno. Alikuwa akiketishwa anakaa, akilishwa anameza, akilazwa anafumba macho. Ndivyo walivyokuwa wote arobaini na sita wa Kijiji cha Chini, na hakuna aliyeona ubaya. Walikuwa wamepisha. Aliyepisha kila alichokijua kimehamia kichwani kwa mwanawe, na kilichobaki kwenye kigoda ni mwili wa kutunzwa kwa heshima mpaka siku ya kuzikwa. Watu wa Kijiji cha Juu walijisifu kwamba hakuna wazee duniani wanaotunzwa vizuri kama wa kwao, na kweli uji ulifika kila asubuhi, hata ukungu uwe mzito vipi.

"Na ile blauzi yangu ya zambarau," Gwantwa aliendelea, sauti ikikwaruza kwa kutotumika, "umeikata mikono. Uliikata umejifungia chumbani. Nilikuwa naangalia."

Tusekile alisogea nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Siku ile ya blauzi alikuwa peke yake, mlango kwa komeo.

"Uliangalia ukiwa wapi, Mama? Ulikuwa huku chini."

Gwantwa aliinua mkono polepole, kama mtu anayeukumbuka, akamgusa binti yake katikati ya paji la uso.

"Humo," alisema. "Mdomo haukuwa wangu, wala mkono. Macho tu ndiyo tulishirikiana kidogo. Unakumbuka siku uliyotokwa na machozi jikoni ukasema ni moshi? Moto ulikuwa haujawashwa, mwanangu."

Nje, kigoda kimoja kilianguka. Kisha kingine. Kisha Kijiji kizima cha Chini, kilichokuwa kimya tangu Mei, kikaanza kulia kwa sauti za watu wazima.

2

Tusekile alipandisha kilima mbio hadi Chumba cha Saa. Alikuwa mtunzaji wake, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Njiani aligundua jambo lililomtisha kuliko vilio. Alifika penye bomba la tatu la kupumulia, lile linalotoa hewa nzito ya bondeni, akasimama. Jana miguu yake ilijua pa kukanyaga. Leo aliliangalia bomba kama mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi hiyo.

Hapa inafaa msomaji aelezwe, maana hata wenyeji walishasahau.

Waanzilishi wa kijiji kile cha milima ya Rungwe walikuwa wamechoshwa na wazee wasiong'oka. Kila mahali walikotoka, mwenyekiti alizeekea kitini, akafia kitini, na wakati mwingine hata maiti yake ilichelewa kuondolewa kitini. Wakakumbuka desturi ya mababu zao Wanyakyusa, ambao vijana wao walijenga kijiji chao wenyewe, na wakati ukitimia baba zao wakawakabidhi nchi yote kwa siku moja. Wakaifufua. Lakini walijua binadamu ni binadamu, na siku ikikaribia mzee hukumbuka kazi ambayo hajamaliza. Kwa hiyo siku yenyewe wakaitundika mbinguni, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Wakaichagua Zohali, sayari inayojikokota, inayozunguka nyumba zote kumi na mbili za nyota kwa miaka thelathini hivi, muda ule ule mtoto anaotumia kuwa mtu mzima mwenye watoto. Zohali haipokei rushwa wala haina shemeji.

Kila mtu aliwekewa punje nyuma ya sikio, ndogo kama ya ulezi. Punje zilisikiliza Saa, na Saa ilikuwa darubini isiyolala iliyoitazama Zohali peke yake. Sayari ikivuka mstari wa Hamali, nyumba ya kwanza, punje za wazazi humimina na punje za watoto hupokea. Kilichopokelewa hukaa kwanza ndani ya punje. Baada ya miaka kama saba huota mizizi mwilini, kama chipukizi la mgomba, na hapo punje hubaki kuwa mlango tu.

Mara ya kwanza Zohali ilivuka moja kwa moja ikaenda zake. Waanzilishi walikuwa wametoa tarehe kwenye kalenda ya mnajimu mmoja, na mnajimu huyo aliandika siku ya kuingia tu, kama mtu anayeandika ujio wa mgeni bila kuuliza kama mgeni amesahau mwavuli. Sasa Tusekile alisoma namba kwenye kioo na kuelewa. Dunia ina mwendo wa kasi kuliko Zohali. Ukiwa ndani ya basi linalolipita lori la ndizi mlimani, kwa muda lori huonekana linarudi nyuma. Ndivyo sayari inavyoonekana kila mwaka, kwa miezi kadhaa, na mwaka huu kurudi huko kulikuwa kumeangukia juu ya mstari wenyewe. Zohali ilikuwa imeuvuka kinyumenyume alfajiri ile. Na mashine iliyofundishwa kumimina mbele hakuna aliyeiambia isimimine nyuma.

Mlango ulisukumwa. Aliingia Ambokile, kiongozi wa Kijiji cha Juu, mtu wa kucheka na wa mabega mapana, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Dada Tuse, nimeamka mtupu. Dawa ya viazi siijui. Mipaka ya mashamba siijui. Na Baba analia, hanyamazi. Nini hiki?"

Tusekile alimweleza habari ya Zohali. Kisha akamweleza alichosema mama yake, kwamba hakuwa mtupu miezi yote ile, kwamba alikuwa ndani akiangalia.

Ambokile alishusha mikono kutoka kichwani. "Baba naye anasema hivyo hivyo," alisema. "Wazee wote wasiotaka kuondoka watasema hivyo. Waanzilishi walituonya, dada. Watalia, watatuhurumisha. Itavuka tena lini?"

"Tarehe kumi na tatu Februari. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Na safari hiyo hairudi."

"Basi tuvumilie," alisema Ambokile, na rangi ikaanza kumrudia usoni. "Miezi mitano si mingi."

3

Hewa nzito ilitoka ardhini, na uhai wa kijiji kizima ulining'inia kwenye mabomba yanayoitoa. Haina harufu wala rangi. Siku zisizo na upepo hujaa bondeni polepole kama maji kwenye beseni, na mbuzi akiinama kula majani hainuki tena. Gwantwa ndiye aliyekuwa msikilizaji wa bonde. Alijua vyura wakinyamaza upande gani afungue bomba gani, alijua kibatari kikififia magotini ni dakika ngapi zimebaki kabla hakijafifia kiunoni. Alikuwa amepokea hayo kwa mama yake, Subilaga, miaka thelathini iliyopita. Mwili wa Subilaga ulizikwa Tusekile akiwa na miaka mitatu.

"Nifundishe," Tusekile alimwambia mama yake wiki ya kwanza.

"Kwa mdomo?"

"Kwa kipi kingine?"

Wakacheka, kisha wakagundua hapakuwa na la kuchekesha. Hakuna mtu pale aliyewahi kufundisha kitu kikubwa kwa maneno wala kujifunza kwa kusikia. Gwantwa alisema haraka mno, akaruka mambo aliyodhani kila mtu anayajua. Tusekile alikasirika, akatupa kibatari, akalia kwa hasira za mtoto. Kilichoingia Jumatatu kilitoka Jumatano. Mwezi wa kumi na moja alifungua bomba lisilo lenyewe, mbuzi wawili wakafa na binti wa jirani wa miaka minne akaanguka kwenye majani. Gwantwa, na magoti yake mabovu, alikimbia akambeba kichwani, juu ya usawa wa hewa, hadi alipopumua. Jioni ile Ambokile alikuja mlangoni na kusema kwa upole uliouma kuliko matusi, "Unaona, dada? Punje haikosei bomba."

Lakini si hilo lililomnyima Tusekile raha. Lilikuwa neno alilosema mama yake siku moja wakipumzika penye bomba la tano.

"Bibi yako yumo," alisema.

"Yumo wapi?"

Gwantwa aligusa kifua chake, kisha shingo, kisha akainua mabega, kama mtu anayeulizwa maji yako wapi kwenye udongo. "Miaka thelathini. Zamani alikuwa akiniita jina. Siku hizi anahesabu tu pumzi zangu."

Tusekile alimgeukia. "Na hukusema?"

"Nilidhani ni mawazo yangu. Nani asiyemsikia mama yake kichwani? Mpaka na mimi nilipowekwa ndani yako nikaita, ukapita ukiimba ukifagia uwanja. Hapo ndipo nilipomjua ni nani aliyekuwa akiniita." Alichuma jani, akalipasua vipande vidogo. "Alikuwa mtani kweli, Bibi yako. Angekuwepo angekuita mke mwenzangu. Zamani bibi alimwita mjukuu wake wa kike hivyo, wanagombea babu. Mama hawezi kumwita mwanawe hivyo, angepigwa mawe. Lakini bibi anaweza. Nyie hamkuonja utani huo hata mmoja. Tuliwakatia bibi zenu wote siku moja."

Wakasikiliza bonde. Vyura walikuwa wanaimba, na vyura wakiimba hakuna hatari.

"Nitoe punje, Tuse," alisema Gwantwa. "Kabla ya siku. Unalo koleo la kuwatolea maiti. Nibaki mtu mmoja, nizeeke, nife kifo changu siku yangu. Na mama yangu naye apumzike."

"Na bonde?"

"Nitaendelea kukufundisha."

"Na ukifa kabla sijajua?"

"Basi utajua nusu. Watu wote duniani wanaishi na nusu."

Tusekile hakujibu siku ile, wala wiki ile, wala Krismasi ilipopita. Alimpenda mama yake, hilo halina ubishi. Lakini ukweli mwingine ulikuwepo, na aliuonea aibu. Ile miezi minne alipokuwa na mama yake kichwani, hakuwahi kujisikia mpweke wala mjinga hata saa moja. Alitaka irudi. Alitaka kuamka asubuhi akijua. Alikuwa na watu mia tatu wanaolala juu ya hewa inayoua, na kwa upande mwingine wa mizani alikuwa na mwanamke mmoja anayeomba asifungiwe. Ukiona hesabu hiyo ni rahisi, huenda hujawahi kulishwa na mama mmoja.

4

Tarehe kumi na tatu Februari mvua ilikatika asubuhi, ukungu ukabaki. Vijana wa Juu walikuwa wamewaketisha wazazi wao uwanjani, kila mmoja na wake, wamevaa vizuri. Mzee Anyosisye, baba yake Ambokile, alifungwa kitenge kiunoni kumzuia asiinuke. Alikuwa ameacha kulia. Alitazama tu kilima kilipo Chumba cha Saa.

Mle ndani Gwantwa alikaa kwenye stuli, ameinamisha shingo, maana hatimaye Tusekile alikuwa amekubali. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

"Mbona unakawia?" alisema.

"Naogopa, Mama."

"Haiumi zaidi ya kutoboa sikio. Nilikushika mimi ulipotobolewa, ulipiga kelele mpaka kuku wakakimbia." Alicheka kidogo. "Fanya, mwanangu. Nikigeuka nitakuonyesha bomba la sita, lile unalolikosea."

Tusekile alibana kwa koleo, akavuta. Punje ilitoka na tone moja la damu. Ilikuwa ya moto, moto zaidi ya ngozi, na ilitetemeka kiganjani. Hakuwahi kuona punje ikitetemeka. Alizozitoa kwa maiti zilikuwa baridi.

Mama yake alibaki ameinama. Kisha mabega yake yalishuka kwa namna ambayo hayakuwahi kushuka, akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetoka chini ya maji, na akageuka. Alimtazama Tusekile juu hadi chini. Kona moja ya mdomo ikapanda juu.

"Mke mwenzangu," alisema. "Kumbe umerefuka hivi."

Tusekile alirudi nyuma hatua moja. Alielewa yote kwa mara moja, na alielewa kwamba angeweza kuelewa mapema, maana ni yeye mtunzaji na kanuni aliijua. Miaka saba ya kuota mizizi. Subilaga alikuwa na miaka thelathini katika mwili ule; mvuko humimina mwenye mwili tu, na yeye alibaki na mizizi yake, punje ikimziba mdomo. Gwantwa alimiminwa nje mwezi wa tano, na aliporudi Septemba alirudi kwenye punje tu, akawa mgeni katika nyumba aliyozaliwa nayo. Na yeye, mwanawe, alikuwa amemng'oa kwa koleo.

"Bibi?"

"Ni mimi." Mwanamke yule alijishika mashavu, akanyoosha vidole, akavikunja, akaanza kutokwa na machozi bila kulia. "Ni mimi, ni mimi. Ninasema na ninasikika." Ghafla akaacha. "Gwantwa yuko wapi?"

Tusekile alifungua kiganja.

Bibi Subilaga aliitazama punje ile muda mrefu. Saa ilionyesha saa nne na dakika mbili. Kisha akageuza stuli, akainamisha shingo pale pale palipokuwa na damu, na akatamka neno la siku ya kupisha, lile alilolitamka miaka thelathini kabla: "Nimepisha. Mrudishe mwanangu."

"Nikimrudisha, Bibi, zikifika dakika kumi atamiminwa kwangu, nawe punje itakuziba tena mdomo. Atakuwa humu ndani akiita, na mimi nitakuwa nafagia uwanja."

"Na usipomrudisha?"

"Punje iliyo nje ya mwili mvuko ukipita hugeuka kokoto."

Bibi aligeuka polepole. "Mwenyewe alikuambia nini? Nilimsikia, lakini nataka uniambie wewe."

Tusekile alilishusha koleo. "Alisema anataka kufa kifo chake."

Wakatazamana. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Hatimaye Bibi alinyoosha mikono yote miwili, imekingwa kama ya kupokea maji.

"Basi asife mkononi mwa koleo," alisema. "Mpe mama yake amshike."

Alimpa. Bibi aliifumbata punje, akaiweka kifuani, akaanza kuyumba taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto wa siku chache. Akamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo Tusekile hakuwa analijua. Saa ikagonga mara moja. Kutoka uwanjani chini zilipanda sauti arobaini na tano za vijana, kwa pamoja, kwa furaha: "Nimepokea!" Baada ya hapo kukawa kimya.

Bibi alifungua viganja. Kokoto ilikuwa imepoa.

"Nilimzaa siku mbili," alisema. "Ameondoka dakika kumi."

"Nimemuua," alisema Tusekile.

"Ndiyo," alisema Bibi. "Na mimi nilimkalia nyumba yake miaka thelathini. Tugawane mzigo huu, mke mwenzangu, peke yako huuwezi." Akajifuta uso kwa khanga ya binti yake. "Nishike mkono. Magoti haya si yangu."

Waliteremka. Uwanjani wazee walikuwa wamekaa wima, macho wazi, midomo imelegea, na mmoja alikuwa tayari amejikojolea. Vijana walikuwa wanakumbatiana. Walirudiwa na yote, dawa za viazi, mipaka ya mashamba, nyimbo. Ambokile aliwaona, akaja mikono wazi, akicheka kicheko chake kile kinachojaza uwanja.

"Dada Tuse! Umepokea?"

Bibi Subilaga alimzuia kwa kiganja kifuani. Hakumtazama usoni kama mtu anavyotazamwa. Alimtazama ndani ya macho, kwa kuchungulia, kama mtu aliye dirishani.

"Ugonile, Anyosisye," alimwamkia.

"Mama Gwantwa, mimi ni Ambokile," alisema kijana, akicheka zaidi, akiwageukia wenzake. "Baba yule pale." Lakini machozi yalikuwa yameanza kumtoka, mengi, ya mfululizo, akayafuta kwa mgongo wa mkono na kuutazama mkono wake kwa mshangao. "Moshi huu," alisema.

Hapakuwa na moto. Tusekile alitazama uwanja mzima. Arobaini na watano walikuwa wanacheka, na hao hao arobaini na watano walikuwa wanajifuta macho.

Koleo bado lilikuwa mkononi mwake. Alitamani kulitupa bondeni. Alimkosea mama yake kwa sababu alidhani anajua kilichomo ndani ya mtu, na hakutaka kudhani tena. Akamsogelea Ambokile, karibu sana, akasema polepole, na hakuwa akisema naye.

"Mzee Anyosisye, ni Tusekile, wa Gwantwa. Nikikutoa humo hutakwenda popote. Utakufa, basi. Nisikudanganye. Kama ndilo unalolitaka, fumba macho."

"Dada, unazungumza na nani?" aliuliza Ambokile, meno yote nje.

Alikuwa bado anacheka. Macho yake yakajifumba.